Lesi ya Shingoni mwa Tausi

Masuguru, Korogwe, Jumamosi asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha shamba wala kukuacha uanike nguo. Cherehani nimeifunika. Nikishona na moyo huu nitaharibu nguo ya mtu bure.

Naandika hapa kwa sababu mtaani sina wa kumwambia. Wote wanasubiri niwape mwisho wa habari, na mwisho wenyewe haufai kupewa mtu.

Wiki nzima nilikuwa na hakika mume wangu ana mwanamke Kang'ata.

Yote yameanza na tamthilia. Hapa kwetu kila jioni tunaangalia Pazia la Kijani, na kila asubuhi wanawake wanakuja kibarazani kwangu, eti wameleta nguo za kupunguza. Nguo gani! Wanaleta maoni. Mama Kihiyo, jirani yangu Msambaa, huwa anaongoza kikao. Pili msusi anakaa karibu na mlango na kitana chake. Utaratibu wetu ni kwamba aliyekosa kuangalia hasimuliwi mpaka kwanza aseme yeye angefanyaje. Hapo ndipo unamjua mtu.

Wiki iliyopita tamthilia ilitufikisha pabaya. Tausi amemzika mumewe, matanga hayajaisha, usiku mlango unagongwa na sauti ya nje ni ya huyo huyo marehemu. Ikakatika hapo. Mama Kihiyo akasema asifungue, Mungu wangu, mtu akizikwa amezikwa. Pili akasema, "Afungue bwana, kama ni mzima amwambie alikuwa wapi!" Mimi nikasema achungulie kwanza dirishani. Wakanicheka. Mama Kihiyo akasema mimi hata peponi nitachungulia kabla ya kuingia.

Jioni ya siku hiyo hiyo, Alhamisi, umeme ukakatika. Masuguru giza, Kilole giza. Hakuna aliyeona mlango ukifunguliwa.

Ijumaa asubuhi mume wangu akaja. Baba Zuhura ni Mzigua wa Kang'ata, ana shamba la mahindi huko, na msimu huu analinda. Mchana ngedere, usiku nguruwe pori. Anavyoniambia, analala dunguni, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, na tochi yake. Ijumaa anarudi, anaswali, anakula vizuri, Jumamosi jioni anaondoka. Mimi ndiye huwa namsimulia tamthilia kwa simu, asipitwe.

Basi akawa anakunywa chai, sisi kibarazani tunabishana kama Tausi alifungua au hakufungua. Mwanaume akasema, kikombe kiko mdomoni, "Si kafungua jana. Na gauni lile lile la msibani, ila kaliongezea lesi shingoni."

Kibaraza kizima kikanigeukia. Hata kitana cha Pili kilisimama.

Nikamuuliza kaona wapi. Akasema hajaona, kwenye basi watu walikuwa wanasimuliana. Akainuka, akaenda kuoga.

Sikilizeni. Mimi nasimulia tamthilia kila siku ya Mungu. Najua mtu anayesimulia anasema nini na anaacha nini. Atasema kafungua, kazimia, kapiga kelele. Hawezi kukusimulia lesi kwenye basi. Lesi inasemwa na mtu aliyekaa akaiona. Halafu mume wangu neno lesi kalijulia wapi? Huyu ni mtu anayeita kila kitu kitambaa. Kuna mwanamke alikuwa amekaa ubavuni kwake, akamwambia tazama lesi ile.

Baada ya yeye kwenda kuswali, Pili akasema bila kupepesa, "Dada, huyo ana mchepuko. Tena mchepuko wenye king'amuzi." Mama Kihiyo akamkemea, lakini alivyomkemea nilijua naye anaona hivyo hivyo. Na mimi niliona hivyo. 

Yeye akarudi shamba. Mimi nikabaki na kazi ya upelelezi.

Jumatatu kwenye simu nikamtega. Nikamsimulia uongo mtupu, kwamba Tausi kampiga yule mgeni wa usiku kofi, kamfukuza. Kumbe ndani ya tamthilia walikuwa wamekaa wanakula wali. Nikasubiri anisahihishe. Akasema, "Ehe! Kafanya vizuri." Sasa hapo nifikirie nini? Kama hajaona, basi hajaona. Kama ameona akaniachia uongo wangu upite, huyo ni mtu wa hatari. Nililala na la pili.

Jumanne nikasikia mbuzi nyuma ya simu. Dunguni kuna mbuzi? Jumatano nikasikia watu wanacheka. Nikamuuliza mahindi yanalindwa na nani huku yeye akicheka na watu. Akasema mtandao unasumbua, simu ikakatika. Kwake inakatika inapotakiwa.

Alhamisi nikafunga kibaraza baada ya adhuhuri. Nikavaa baibui, nikapanda gari la Handeni, nikamalizia na bodaboda mpaka Kang'ata. Sikumwambia mtu. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, nayapanga na kuyapangua, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Niliposhuka giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikamuuliza mama mmoja mwuza mihogo, Baba Zuhura nitampata wapi. Hata hakufikiri. "Saa hizi? Yuko kwenye tamthilia na mwenzake."

Na mwenzake.

Akanionyesha nyumba ya mwenye duka, yenye paneli ya sola juu ya bati. Televisheni wameiweka dirishani, imeelekea uani, na watu wamekaa kwenye mikeka. Nikasimama nyuma, karibu na zizi la mbuzi. Nikatafuta kisogo cha mume wangu. Nikakiona. Amekaa mbele kabisa, ameinama, mdomo wake uko sikioni mwa mwanamke aliyejitanda kanga.

Nilipita katikati ya watu nikikanyaga miguu yao. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Kisha nikamsikia anachosema. Alikuwa anasema kwa Kizigua, polepole, Kizigua ninachokielewa nusu nusu. Anamwambia Tausi ameingia. Ameshika sinia. Gauni jekundu, mikono mirefu. Amekaa. Sasa analia lakini machozi hayatoki. Na yule mwanamke akauliza, kwa sauti ninayoijua, "Shingoni kavaa nini? Lesi tena?"

Mama mkwe wangu.

Nikakaa chini hapo hapo, juu ya mguu wa mtoto wa watu. Nikasema, "Shikamoo mama." Akageuza uso kunitafuta, akanitafuta upande usio wangu. Ndipo nikaelewa. Macho yake yana ukungu, mtoto wa jicho, na mume wangu analala kwake, anamwangalizia tamthilia kwa macho yake mwenyewe.

Wakati wa matangazo kila mtu alikuwa anatoa maoni kuhusu Tausi, uani kelele tupu. Baba Zuhura akaniambia chinichini kwamba usiku dunguni anamweka kijana wa kulinda, na kwamba mama alimwapisha asiniambie. Anaogopa nitamtoa kwake nimlete mjini, akalishwe kama mgonjwa, asiwe na kuku wala jiko lake. "Ungeniuliza tu," akasema. Nikamwambia, "Nilikuuliza. Ukasema umesikia kwenye basi." Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, vyote pamoja, na sikumwomba radhi. Hadi sasa sijamwomba.

Laiti ingeishia hapo, ningefungua kibaraza leo nikiimba.

Jana asubuhi mume wangu alikwenda kutazama shamba kabla hatujaondoka. Nikabaki jikoni na mama, nachochea uji. Akaniita karibu. Akapapasa mpaka akapata mkono wangu, akaniambia, "Mkamwana, hilo la ukungu ndilo analolijua yeye. Jicho la kulia limezimika kabisa. Na la kushoto limeanza kuniuma tangu mwezi mtukufu. Usimwambie mwanangu. Akijua ataacha mahindi yaliwe na nguruwe, anipeleke hospitali kwa nguvu. Tuvune kwanza."

Nikamwambia mama, jicho linalouma halisubiri mavuno. Akasema, "Niahidi."

Nikamwahidi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu tangu niolewe hajawahi kuniomba kitu. Labda nilijiona mtu wa maana, kupewa siri ambayo mwanawe hana. Sasa hivi naona nimefanya ujinga, maana mahindi bado mabichi, na jicho lile likizimika nitakuwa nilijua.

Kwenye gari jana mume wangu aliniuliza tulikuwa tunazungumza nini jikoni, maana alipotokea mlangoni tulinyamaza. Nikamjibu, "Mambo ya tamthilia tu."

Akaniangalia. Kisha akatazama nje mpaka tunaingia Korogwe. Jana jioni akaniuliza tena, safari hii kwa kuzunguka, eti mama alionekana amechoka, sivyo? Nikasema ni moshi wa jikoni. Leo alfajiri nilimkuta ameshika simu yangu. Akasema alikuwa anatazama saa.

Mama Kihiyo amepita na mwavuli, ameuliza kama kuna habari. Nimemwambia hakuna, mume wangu alikuwa kwa mama yake. Ameniitikia "Haya," ile haya ya kutoamini.

Sasa hivi mume wangu amesimama uani chini ya bati, anampigia mama yake simu. Nachungulia dirishani huku naandika. Anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Kila mara anageuka kutazama mlango wangu.

Simu ameishusha. Anavua viatu mlangoni. Ataniuliza tena, na safari hii ataniuliza waziwazi.

Nimwambie?