Kamera Uliyonichagulia

Kaka yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kifua cha kitinda mimba kimetulia. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu. Yuko sebuleni anajifanya hasikii jinsi ninavyoikandamiza kalamu.

Mzigo umefika. Asante, na naisema kwa moyo, maana najua umejinyima. Lakini nimekasirika, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Kamera ya kupigia picha za anga la usiku nilikutajia kwa jina na namba. Nilikueleza nataka ile nzito, isiyojiamulia mambo, yenye lenzi inayofunguka sana, ambayo naweza kuiacha wazi nusu dakika nzima ikinywa mwanga. Yote hayo ukayaweka kando, ukamsikiliza muuza duka.

Na uliponipigia simu ulikuwa na furaha kweli. Ukaniambia muuza duka amekuhakikishia kwamba hii ndiyo kiboko ya usiku kwa sababu flashi yake ni kali. Flashi, kaka. Mwanga wenyewe haufiki hata kwa jirani, nyinyi mnataka nikazimulike nyota. Nimezeekea studio nikipiga watu picha za pasi na za harusi, na bado anayejua kamera ni mtu uliyemwona mara moja tu, amevaa tai.

Hata hivyo niliijaribu. Niliifunga kwenye stendi uani, nikaizima hiyo flashi yenu, nikaielekeza juu. Ikahangaika, lenzi ikiingia na kutoka, mwisho ikanipa picha nyeusi tii. Shemeji yako akasema nisijisumbue, eti nyota zipo bure, niinue tu kichwa nizitazame. Nilimnunia mpaka akaanza kujipikia.

Hakujua amenigusa wapi. Kaka, sizioni. Nikiinua kichwa usiku naona giza tupu. Jua likizama napapasa kuta za nyumba yangu mwenyewe, nasingizia taa mbovu. Juzi ukumbini nilimkanyaga bibi harusi gauni likachanika, wakanong'onezana kwamba mpiga picha amelewa. Mimi, ambaye hata harufu ya pombe inanitapisha! Nilikwenda kwa daktari wa macho, akaniambia sehemu ya jicho inayoona gizani inakufa taratibu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mchana bado naona vizuri, lakini huko nako ugonjwa utafika. Ndiyo maana niliitaka kamera ile. Ingenikusanyia nyota, nami ningezitazama asubuhi kwenye skrini, maadamu bado naweza. Shemeji yako sijamwambia. Nikimaliza kuandika nitakwenda kukaa naye nimweleze.

Daktari aliniuliza kama kuna mwingine kwetu mwenye shida hii. Nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa hatoki nje jioni, nasi tukasema ana maringo. Kisha nikakukumbuka wewe. Ulipokuja mara ya mwisho ulikataa kushika usukani giza lilipoingia, ukalalamika kwamba taa za wenzako zinakuchoma macho. Ulijigonga kwenye meza ya barazani tukacheka wote, na wewe ukacheka kuliko sisi. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu, kaka. Mara tatu nimeshika simu nikuambie, nikairudisha chini, na hata barua hii nimeianza kwa kukugombeza kwa ajili ya kamera.

Nenda kapimwe macho wiki hii, na watoto uwapeleke. Usiniambie una kazi nyingi, na usiendeshe gari usiku hata kidogo mpaka daktari aseme neno. Ninaogopa kwa ajili yako kuliko ninavyojiogopea mwenyewe.

Msalimie sana wifi na umsomee barua hii yote, maana nakujua, utaikunja na kuitia mfukoni. Watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na mapenzi,
Mbishi