Mfumo Niliouunda Tayari Upo Muleba

Mpendwa Shangazi Felicitas, naomba unisikilize kabla hujanicheka. Natengeneza programu makao makuu ya shirika la wakulima hapa Bukoba, na mwanzoni mwa mwaka bosi wetu, Mzee Rutaihwa, aliniagiza niunde mfumo wa kuwatumia wakulima ujumbe wa simu siku ya kupokea kahawa, nikatafuta kwanza kwenye orodha ya mifumo ya ofisi, nikaandika "ujumbe", hakuna, nikaandika "wakulima", hakuna, basi nikajifungia miezi mitatu nikaunda, Mzee ananisifu kila kikao, mpaka majuzi napekua ile orodha sina shughuli nikaona kitu kinaitwa Kokuhirwa, nikafungua, na Shangazi, ni mfumo uleule! Aliuunda Evodia wa ofisi ya Muleba miaka miwili iliyopita, akaupa jina la bibi yake, maelezo hakuandika hata neno, nikaujaribu kwa namba yangu mwenyewe na ujumbe ukaingia papo hapo, wangu huchukua dakika nzima. Nikafunga kimya. Ijumaa nawasilisha wangu mbele ya wote, Evodia amealikwa, na nimeahidiwa ukuu wa kitengo. Wangu nimeuita Mujuni, jina la baba. Je, nikibadilisha rangi atautambua?

Datius, Kashai

Datius, rangi! Miezi mitatu unaumiza kichwa, halafu akili inaishia kwenye rangi.

Pole, lakini. Ulitafuta ukakosa, hapo huna kosa. Evodia naye namgombeza: mfumo wenye jina la bibi na usio na maelezo, nani ataupata zaidi ya wajukuu? Wewe ulikosea ulipofunga kimya. Na kosa lake umelirudia: Mujuni! Atakayeajiriwa mwakani ataandika "ujumbe", atakosa, naye atajifungia.

Kesho panda gari uende Muleba. Usipige simu, nenda mwenyewe, useme kwa heshima ya Kihaya, "Waitu dada, nimekukosea." Ijumaa simameni wawili, muonyeshe wa kwake, na kama wako una lolote la maana liongezwe humo. Kisha mwombeni Mzee mpange orodha upya: kila mfumo useme unafanya nini, nani aulizwe, na uwe na maneno ambayo mwenye shida angeyaandika akitafuta. Majina ya wazazi wapeni watoto wenu. Ukuu ukiukosa utaumia, sitakudanganya.

Ila usichelewe. Umesema uliujaribu kwa namba yako. Mfumo wa kutuma ujumbe huhifadhi namba ya kila aliyetumiwa. Evodia anajua tangu siku ile, na hiyo Ijumaa anaisubiri kwa hamu kuliko wewe.