Kijiko Kimoja kwa Kila Gunia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai mgongo umepata nafuu na mpwa wangu anaendelea vizuri na masomo. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haina raha.

Barua yako nimeipata. Unasema ile poda yetu ya kulainisha mkate imepanda bei mara ya tatu, umewaachisha kazi wakandaji wawili, na ukioka bila poda mkate unatoka mgumu kama tofali. Unaniomba niwasihi wakubwa wangu.

Ngoja nikueleze kiwanda chetu kinavyopata riziki. Hatutengenezi kitu chochote ambacho mtu ananunua dukani. Tunatengeneza kile kijiko kimoja kinachoingia ndani yake: rangi ya sabuni, harufu ya mshumaa, poda ya mkate wako. Sabuni zikidorora, mikate inatubeba. Na kwa kuwa kijiko ni kidogo, mwanzoni hakuna anayelalamikia bei. Kopo la kwanza tunatoa bure, kisha fundi wetu anakaa kwako wiki mbili akipanga upya maji, chumvi na moto wa tanuri mpaka kila kitu kifuate poda. Akimaliza anajaza fomu, na kwenye fomu kuna swali tunalolichekea sana ofisini: Ameolewa? Yaani, ameolewa na poda yetu. Jibu likiwa ndiyo, bei inaanza kupanda, maana mteja hana tena pa kwenda.

Fundi wako nilikuwa mimi. Wewe uliyeachika ukaapa hutaolewa tena, nikakuoza kwa kalamu, nikapandishwa cheo. Siku hizi orodha ya bei naitia saini mimi, kwa hiyo huyo mkubwa unayetaka nimsihi ndiye mimi.

Lipo la aibu zaidi. Ile chachu aliyotuachia mama, uliyoilisha unga kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, nilikuambia imeharibika. Haikuwa imeharibika, dada. Tumeagizwa tuhakikishe mteja habaki na njia yake ya zamani. Ulipotoka kwenda sokoni niliimwaga kwenye mtaro, nikaosha ndoo. Uliporudi ukalia, nikakubembeleza.

Mpe mpwa wangu salamu za mjomba wake, na wakandaji waliobaki pia. Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, uliyemlea kwa mkate wa chachu ile.