Mchai Usiuhamishe

Baba Mapacha,

Uji wa baba yako uko kwenye chupa, na dawa yake ya presha umpe mwenyewe, usiwatume watoto. Amelala sasa, usimwamshe. ~~Ule mchai wako upeleke kwa jirani kabla hajaamka.~~ Hapana, uache hapo hapo dirishani.

Najua umetoka zamu umechoka, na ukiona mche wako uko uchi utawaka. Umeulea tangu mbegu, unaujulia hali kuliko unavyonijulia mimi. Lakini mapacha uwaombe radhi, umewagombeza bure wiki nzima kwa majani yanayopotea. Mwizi nimemkuta leo asubuhi. Ni baba yako, kajifunga kapu la nguo chafu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi, vidole vinakwenda kana kwamba hajawahi kustaafu kwenye mashamba ya chai.

Nikamfokea. Akageuka akaniamkia shikamoo, mimi mkwe wake, akaniuliza mizani iko wapi apimiwe. Nikamjibu hapa hakuna mizani. Akakaa chini akalia.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba ni uzee tu. Kesho tunampeleka hospitali, utake usitake.

Mizani ya unga nimeiacha hapa mezani. Akiamka akaiulizia, mpimie. Mwambie kapu limejaa, anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama Mapacha