Dirisha la Chumba cha Mama

Nsambya, 14 Juni 1998

Kaka Oketch,

Sisi wazima, ila mvua imetuchosha. Binti yangu Vera ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anajidai kuimba kwaya.

Wale watu wa chuo kikuu walioning'iniza kikopo cha kupimia hewa chumbani kwa Mama wamerudi na majibu. Kuna gesi inaitwa radoni, inatoka ardhini na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Haina harufu wala rangi, lakini ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta saratani ya mapafu. Kwa Mama imezidi sana. Nyufa, fundi Emile ameshaziziba kwa saruji. Iliyobaki ni hewa: wanataka tuzibue dirisha.

Unalijua dirisha lenyewe. Wakati wa vita ulirukia pale ukakimbia, na wanajeshi wakaingilia palepale wakamchukua Baba. Kesho yake Mama aliliziba kwa matofali, kwa mikono yake.

Nilipoleta nyundo, aliegemea yale matofali akakataa kusogea. "Gesi yenu sijaiona, Ayoo. Wanajeshi niliwaona." Kuhama chumba pia hataki.

Nikamwambia vita viliisha zamani. Akaniuliza, "Kama viliisha, mbona Oketch harudi?"

Swali hilo nakuletea wewe, kaka. Hapa hakuna anayekulaumu, na Mama anaendelea kuivuta hewa ile. Nyundo nimeiweka nyuma ya mlango. Njoo ubomoe wewe mwenyewe, Mama akikuangalia.

Dada yako anayekungoja,
Ayoo