Rufaa ya Siku ya Hamsini na Nne

Mjomba wangu, shikamoo.

Mwaka juzi, masika yakiishia, tulipoteza nusu ya chini ya shamba la bibi kule Mlali kwa kuchelewa siku tisa. Naanza na hilo usije ukadhani nimesahau. Nakuandikia humu kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote, kwa sababu simu zangu hupokei, na Kingolwira unakokaa si ng'ambo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma sheria. Nilikuwa na meza moja ya kuchapa barua hapa Mafiga, elimu yangu darasa la saba; wewe karani mstaafu wa mahakama, miwani umeifunga kwa uzi. Ukaniletea kitabu chako cha maelezo ya sheria za ardhi, umekizungushia kanga ya bibi. Ukaniambia, "Usivamie sheria kichwa kichwa, mama. Anza na mtu aliyekwisha kupita, akuonyeshe pa kukanyaga." Ulisema kweli. Nilipokuwa nafungua sheria yenyewe nilitoka na kichwa kinauma. Kwenye kitabu chako nilitoka na swali la kuuliza.

Unakumbuka tulivyoandaa rufaa baada ya baraza kumpa jirani yetu ushindi? Chai ya mchaichai, mihogo, na wewe kubishana na mwandishi wa kitabu kana kwamba kakaa nasi mkekani. "Hapa umedanganya, bwana!" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Siku ya thelathini na nane tangu hukumu karatasi zote zilikuwa tayari. Nikakuuliza, "Mjomba, hizi siku sitini za kukata rufaa, tusiziangalie na kwenye sheria yenyewe?"

Ukavua miwani. "Nimekaa masjala miaka ishirini na sita. Leo mpwa ananikagua?"

Nikakuongezea chai. Kwetu mashamba yanashuka kwa upande wa mama, na mjomba akishasema, watoto wa dada hawaulizi kasoma wapi. Ukachukua karatasi ukazipiga msasa wiki mbili zaidi. Nilizipeleka mahakamani siku ya hamsini na nne, nikijihesabia kuwa nina akiba ya siku sita.

Karani dirishani akahesabu kwa kidole kwenye kalenda. "Dada, mwisho wenu ulikuwa arobaini na tano."

"Kitabu kinasema sitini."

"Kitabu cha nani?"

"Cha mjomba."

"Basi kakate rufaa kwa mjomba."

Foleni nzima ikacheka. Nikarudi nyumbani nikakifungua. Sitini ulizipigia mstari kwa wino mwekundu, mara mbili. Chini kabisa ya ukurasa huohuo, kwa maandishi madogo kama sisimizi, mwandishi alisema hizo ni za kesi zilizoanzia baraza la kata, na zilizoanzia baraza la wilaya tukasome kifungu kingine, akakitaja na namba yake. Yetu ilianzia wilaya. Kitabu hakikukosea, mjomba. Kilituonyesha mlango, sisi tukaegemea ukuta.

Nakulaumu nusu. Nusu ni yangu: niliona shaka nikaimeza kwa adabu.

Ila usidhani nalia. Meza moja sasa ni mashine tatu, na kitabu chako kiko rafu ya juu, bado na kanga yake. Mteja akija nakishusha kwanza, kisha naifungua sheria yenyewe, na tanbihi nazisoma kwa sauti hadi watu wanachoka. Nikienda shamba, asubuhi mawingu yakifunguka mlimani naiona nusu ya juu iliyobaki, na migomba yake, na moyo unatulia. Wewe hukuninyang'anya kitu makusudi. Hilo nalijua.

Sasa sikiliza. Jirani yetu yuleyule ameifungulia kesi nusu ya juu. Anasema mpaka unaishia kwenye jiwe jeupe. Sisi tunasema unavuka jiwe, unafika kijitoni. Sheria nimeisoma, siku nimezihesabu mara nne. Kinachokosekana ni mtu aliyeutembea mpaka ule na bibi siku alipouweka, na aliye hai ni wewe peke yako. Mimi nasimulia nilichosimuliwa. Nikisimama barazani nitaulizwa, "Ulikuwepo?" na nitakuwa sawa na kitabu chako: naeleza vizuri, lakini sikuona. Na kitabu hakiapishwi.

Umejificha kwa aibu ya siku tisa. Yatosha. Kitanda kipo, mihogo ipo, na safari hii nitakukagua, na utakubali kukaguliwa.

Orodha ya mashahidi naipeleka Ijumaa asubuhi. Utakuja kuapa kwamba ulifika na bibi kijitoni, ndiyo au hapana? Nijibu humuhumu, neno moja, kabla ya saa kumi alasiri, Alhamisi.

Mtoto wa dada yako,
Mafiga.