Fimbo ya Shaba kwa Ayeeyo Shamsa

Wajir, Jumanne, baada ya isha

Siku mbili mita yangu ya kupimia usalama wa umeme imenikatalia. Waya za zamani nimezitoa zote, mpya nimezipitisha bila kubomoa ile chokaa ya ukutani, na kazi hiyo mtu yeyote aje aikague. Ila fimbo ya shaba ya kushusha umeme ardhini, niliyoipigilia nyuma ya jiko, haikushika ardhi. Mchanga ule ni mkavu kama unga. Hitilafu ikitokea, umeme utapita kwa atakayegusa friji.

Leo mwenye nyumba, Ayeeyo Shamsa, yaani bibi kwa Kisomali, wa miaka themanini, alinitazama nikimwaga ndoo ya nne ya maji ya chumvi penye ile fimbo. Nilikuwa nimekasirika, na uso wangu haufichi.

"Fundi, hapo wewe namwagia mchanga maji bure," alisema. "Njoo huku. Maji yangu ya udhu naishia hapa. Hapa udongo haijakauka tangu niolewe."

Nikaing'oa fimbo, nikaipigilia pale. Mita ikanipa namba niliyoitaka. Na mimi, ninayetawadha mara tano kwa siku, sikuwaza hilo.

Kitu kimoja bado kilinisumbua, nikamwambia wazi: sasa usalama wa nyumba nzima unategemea udhu wake. Je, siku akiwa hayupo?

Akacheka. "Nyumba hii imetoa jeneza ya mama mkwe yangu, ikatoa ya mzee yangu," alisema. "Udhu hapa haijakosa hata siku moja."

Nikawasha umeme.